Miguu, Udongo na Sakafu: Utunzaji wa Nyayo Vijijini Biharamulo na Ngara

Maradhi mengi ya miguu katika vijiji vya Kaniha, wilayani Biharamulo, na katika vilima vya jirani vya Ngara huanzia mahali pamoja: pale ngozi tupu inapogusana na udongo. Udongo huo uko shambani, chini ya migomba, kwenye njia ya kisimani, na hata ndani ya nyumba, kwa kuwa nyumba nyingi za vijijini bado zina sakafu ya udongo. Humo huishi mayai ya funza, mabuu ya safura na vijidudu vya pepopunda. Kwa hiyo utunzaji wa miguu katika eneo hili hauishii kwenye kukata kucha na kupaka mafuta. Huanza na sakafu, sabuni na viatu, ndipo dawa zifuate.

Funza anastahili kutangulia, maana madhara yake katika ukanda huu yana historia ndefu na chungu. Asili yake ni Amerika. Aliletwa Afrika mwaka 1872 na meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell, iliyotoka Brazili na kutia nanga Ambriz, Angola. Kutoka pwani ile alisafiri katika nyayo za wapagazi, askari na wafanyabiashara, akapenya Kongo, na baada ya miaka 20 hivi alikuwa ameshafika magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, alipita Uzinza, nchi inayopakana na Biharamulo ya leo. Aliandika kwamba alikuta watu ambao viungo vyao vimeoza kwa ajili ya funza, na vijiji vizima vilivyokwisha watu. Maafa yalifikia kiasi hicho kwa sababu mdudu alikuwa mgeni: watu hawakujua ni nini kinachowaingia, wala kwamba kinapaswa kutolewa mapema. Ujuzi wa kumtambua na kumtoa ulipoenea, hali ilipungua ukali, lakini mdudu mwenyewe hakuondoka.

Anayeingia mwilini ni funza jike, naye kabla ya kuingia hafiki hata milimita moja. Hupenya ngozi kandokando ya kucha, kwenye kisigino, katikati ya vidole au chini ya wayo. Huacha sehemu ndogo tu ya nyuma ikiwa nje, na kwa tundu hilo hupumua na kutaga mayai. Siku za kwanza mtu huhisi mwasho na huona kidoa chekundu. Baada ya wiki moja hivi tumbo la mdudu huwa limevimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere, na juu ya ngozi huonekana duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Kwa muda wa wiki mbili au tatu hutoa mayai zaidi ya 100, ambayo hudondoka chini pale mtu anapokaa au anapolala. Hatimaye hufia humohumo ndani ya ngozi, na mabaki yake hutoka polepole. Akiwa mmoja, husumbua tu. Wakiwa makumi, na hasa wakiachwa, nyayo hupasuka, hutunga usaha, kucha hung'oka, na mtoto hukanyagia ukingo wa mguu kwa maumivu. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa umri wa shule na wazee, yaani wale ambao ama hawajaweza au hawawezi tena kujikagua wenyewe.

Njia iliyozoeleka ni kumtoa funza kwa pini, mwiba au ncha ya wembe. Kasoro ya njia hiyo iko kwenye kifaa. Pini moja inapozunguka kwa watoto wote wa nyumba, au kwa darasa zima, inaweza kuhamisha virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi kutoka damu ya mtu mmoja hadi ya mwingine. Shimo linaloachwa nalo huwa wazi kwa vijidudu vya pepopunda vilivyomo udongoni. Inapobidi funza atolewe kwa sindano, miguu ioshwe kwanza kwa maji na sabuni, sindano iwe mpya au iliyochemshwa na ya mtu mmoja tu. Tundu lipanuliwe taratibu hadi mdudu atoke mzima, kisha kidonda kisafishwe na kufunikwa. Mdudu akipasuliwa na nusu yake ikabaki ndani, uvimbe huzidi. Mafuta ya taa, dawa za kuulia wadudu wa mazao na maji ya betri havifai kabisa kuwekwa kwenye ngozi; vinaunguza, na sumu ya dawa za shambani hupenya mwilini kupitia vidonda.

Zipo njia zisizohitaji kuchokoa. Zahanati nyingi hutumia maji ya pamanganeti ya potasiamu, ambamo miguu hulowekwa kwa muda mfupi. Yanapaswa kuchanganywa na mhudumu anayejua kipimo, kwa kuwa chembe zake zikizidi huchoma ngozi. Dawa bora zaidi ni mafuta ya dimetikoni, ambayo si sumu: huingia kwenye lile tundu la kupumulia na kumziba mdudu pumzi. Katika utafiti uliofanywa kwa watoto nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, siku 7 baada ya matibabu funza 78 kati ya kila 100 waliopakwa dimetikoni hawakuwa na dalili ya uhai, dhidi ya 39 tu kwa upande wa pamanganeti. Iulizie kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kwenye zahanati.

Hata hivyo, hakuna dawa ya mguuni itakayomaliza funza ikiwa sakafu inaendelea kuwazalisha. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, mabuu huishi kwenye vumbi kavu na katika nyufa, hasa pale watu wanapolala, na baada ya wiki tatu au nne kizazi kipya huwa tayari kuruka. Kwa hiyo miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi linapokuwa jingi, ndiyo miezi ya kuongeza bidii. Sakafu ya saruji ndiyo tiba ya kudumu. Asiye na uwezo wa saruji anaweza kukandika sakafu upya ili kuziba nyufa, kuinyunyizia maji kabla ya kufagia, na kufagia kila siku hadi chini ya vitanda na kwenye pembe. Mikeka na matandiko ianikwe juani, na watoto wasilale moja kwa moja juu ya sakafu. Mbwa, nguruwe na mbuzi nao hubeba funza, hivyo wasilale ndani pamoja na watu, na nyayo zao zikaguliwe. Kugawa viatu shuleni bila kugusa sakafu za majumbani ni kazi nusu: mtoto huvua viatu jioni, naye hushambuliwa usiku palepale anapolala.

Mdudu wa pili wa udongoni haonekani kwa macho. Mabuu ya minyoo ya safura hukaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na shamba la migomba huwapa vyote viwili. Mtu anapojisaidia shambani, mayai yaliyomo kwenye kinyesi huanguliwa, na mabuu hupenya ngozi ya anayekanyaga hapo pekupeku. Mahali walipoingilia huwasha siku kadhaa, hasa katikati ya vidole, kisha mwasho hutoweka na mtu husahau. Minyoo hufika kwenye utumbo mwembamba na kufyonza damu polepole. Upungufu wa damu unaotokana nayo humdhoofisha mtoto na ni hatari kwa mjamzito. Choo kinachotumiwa na kila mtu, wakiwemo watoto wadogo, hulinda miguu ya kijiji kizima, na dawa za minyoo zinazotolewa shuleni zisikwepwe.

Yapo pia matende yasiyoletwa na mbu. Wengi wanayajua matende ya pwani, yanayosababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Lakini katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa asili ya volkano na mvua nyingi, miguu inaweza kuvimba kwa sababu ya udongo wenyewe. Chembe laini za madini hupenya ngozi ya anayetembea pekupeku kwa miaka mingi, na kwa watu wenye maumbile ya kurithi yanayowaweka katika hatari, hudhuru mishipa ya limfu. Ugonjwa huu ulielezwa kwa kina na daktari Mwingereza, Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia katika miaka ya 1970. Rwanda, iliyo ng'ambo tu ya mto kutoka Ngara, iliufanyia uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2017 na kuukuta katika wilaya zake zote 30. Dalili za mwanzo ni wayo kuwaka moto, kuwasha sehemu ya juu ya mguu na uvimbe unaokuja jioni na kupungua asubuhi. Uvimbe huanzia vidoleni na kupanda, na kwa kawaida hauvuki goti. Hauambukizi na hautokani na kurogwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa. Ukiwahiwa, huweza kurudi nyuma kwa njia nyepesi: kuosha miguu kila siku kwa sabuni, kuikausha, kuipaka mafuta, kuinua miguu wakati wa kupumzika, na kuvaa soksi na viatu vilivyofunika mguu.

Kuvaa viatu vilivyofunika, hata hivyo, kuna masharti yake. Mkulima anayeshinda na gambuti bondeni, au mchimbaji mdogo wa dhahabu anayesimama kwenye maji ya shimo, hupata fangasi kwa urahisi, kwa kuwa fangasi hupenda joto na unyevu. Ngozi kati ya vidole, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake, hugeuka nyeupe, hulainika, hupasuka na kutoa harufu. Kinga ni ukavu: kuosha, kufuta kila nafasi ya kidole kwa kitambaa, kubadili soksi kila siku, na kugeuza viatu juu chini mahali penye hewa. Kabla ya kuvaa, gambuti lililolala nje likung'utwe, maana nge na nyoka hujificha humo. Mafuta ya Whitfield na krimu ya klotrimazoli hutibu fangasi wa ngozi, na yanapaswa kuendelea kupakwa wiki mbili hivi baada ya dalili kwisha. Wengi huacha mwasho unapotulia, ndiyo maana ugonjwa hurudi. Krimu za dukani zenye steroidi hutuliza mwasho huku zikiwaacha fangasi wakisambaa. Kucha iliyogeuka njano, nene na yenye kumeguka huhitaji vidonge vya miezi kadhaa, navyo hutolewa na tabibu.

Magaga ni ya kawaida kwa wanaotembea na kandambili au pekupeku wakati wa kiangazi. Ngozi ya kisigino hukauka, huwa nene na kupasuka, na ufa ukifika kwenye nyama huwa mlango wa vijidudu. Miguu ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 au 15, ngozi ngumu isuguliwe taratibu kwa jiwe la kusugulia, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta ya mgando na kuvalishwa soksi hadi asubuhi. Kukata magaga au sugu kwa wembe ni desturi mbaya inayopaswa kuachwa. Sugu ni jibu la ngozi kwa msuguano. Kiatu kinachobana kisipobadilishwa, itaota tena. Chunjua za chini ya wayo, ambazo zina vidoa vyeusi ndani na huuma zikibanwa kutoka pembeni, huletwa na virusi. Kwa watoto mara nyingi huisha zenyewe.

Kucha za miguu zikatwe baada ya kuoga, zinapokuwa laini, kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembe. Pembe iliyochimbwa huota kuelekea kwenye nyama. Kidole gumba kikianza kuuma ukingoni, kukiloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara mbili kwa siku na kuvaa kiatu kipana mara nyingi hutosha. Kikitoa usaha au wekundu ukipanda, ni kazi ya zahanati.

Majeraha ya miguu ni sehemu ya maisha ya shamba: jembe linateleza, mwiba unachoma, msumari unapenya kandambili. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika kadhaa, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Samadi, majivu, unga wa betri na majani yaliyotafunwa huingiza vijidudu badala ya kuvizuia. Suala la pepopunda linahitaji uangalifu zaidi kwa wanaume watu wazima. Watoto huchanjwa wakiwa wachanga na wanawake huchanjwa wakati wa ujauzito, lakini mwanamume anaweza kufika uzeeni bila kuchanjwa tena tangu utotoni, na ndiye anayeshika jembe na panga. Jeraha lolote lililochimba na kuchafuka kwa udongo ni sababu ya kuomba chanjo hiyo hata kama linaonekana dogo.

Jeraha jingine linalodharauliwa ni la mtoto aliyepakizwa nyuma ya baiskeli akanaswa kisigino kwenye spoku. Siku ya kwanza huonekana ni mchubuko tu. Ngozi iliyopondeka hufa polepole, na baada ya siku kadhaa kidonda kirefu hujitokeza. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku ileile, na baiskeli inayobeba watoto iwekewe kizuizi kati ya miguu na spoku. Kuhusu nyoka, kifutu ndiye wa kuogopwa zaidi njiani usiku, kwa kuwa hulala kimya bila kukimbia. Kiatu kilichofunika na tochi huepusha mengi. Aliyeumwa asitembezwe, mguu usifungwe kamba wala kuchanjwa. Utulizwe kwa ubao na mgonjwa akimbizwe hospitali.

Kwa watoto wadogo, wazazi huhangaika na mambo ambayo ni ya kawaida na huacha yale yasiyo ya kawaida. Nyayo bapa ni hali ya kawaida hadi karibu miaka 6, kwa kuwa upinde wa wayo bado haujajengeka. Vidole vinavyoelekea ndani wakati wa kutembea navyo, visipouma, hujirekebisha kwa wengi. Mtoto anayejifunza kutembea hahitaji kiatu kigumu. Kwenye sakafu safi pekupeku ni sawa, ila nje ya mlango avae. Viatu vya mitumba na vya kurithi kutoka kwa ndugu vinafaa ikiwa soli ya ndani haijabonyea kwa umbo la mguu wa mwingine. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kiatu kijaribiwe alasiri, miguu inapokuwa imetanuka. Raba, yeboyebo au makatambuga ya matairi vyote hupunguza miiba, ingawa ni vile vilivyofunika tu vinavyozuia funza vizuri.

Lisilopaswa kusubiri ni mguu kifundo, ambapo mtoto huzaliwa wayo ukiwa umepindia ndani na chini. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya kila 1,000, si laana wala kosa la mama. Njia aliyoiasisi daktari Ignacio Ponseti hunyoosha mguu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida kati ya 5 na 8, na mara nyingi kwa kukata kidogo ukano wa kisigino. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fimbo, karibu muda wote kwa miezi 3 ya mwanzo na kisha usiku hadi miaka 4 au 5. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutoa tiba hii, na zahanati yoyote inaweza kuandika rufaa ya kliniki iliyo karibu zaidi. Kazi inapoanza katika wiki za kwanza za maisha, mguu hupona vizuri kabisa. Wazazi wengi hushindwa katika zile fimbo za usiku, kwa kuona mguu umeshanyooka, na mguu huo hupinda tena.

Mguu ulio hatarini kuliko yote ni ule usiohisi. Kisukari kilichokaa muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya miguu, na ukoma hufanya vivyo hivyo. Mtu hukanyaga mwiba asijue, au huota moto wa jikoni katika baridi za Juni za Ngara hadi ngozi ikaungua bila maumivu. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyetumia miaka mingi kutibu miguu ya wagonjwa wa kisukari, aliandika mwaka 2005 na wenzake kuhusu wagonjwa waliogugunwa na panya miguuni usiku wakiwa usingizini, wakagundua asubuhi. Mwenye kisukari anapaswa kutazama miguu yake kila siku kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Apime maji ya kuoga kwa kiwiko, apapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, asitembee pekupeku hata ndani, na alale kitandani chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Wembe na dawa za kuunguza sugu si vyake. Kidonda chochote, hata kisichouma, na hasa kisichouma, kipelekwe siku ileile. Kusubiri wiki moja kunaweza kugharimu mguu. Baka la ngozi lililopauka na lisilohisi mguso nalo lichunguzwe: dawa za ukoma hutolewa bure, na zikianza mapema mishipa ya fahamu huokolewa.

Kumkagua miguu mgonjwa wa kisukari hakuhitaji mashine, bali mwanga, mkono na uzi maalumu wa plastiki wa kupimia hisia. Mgonjwa aliyetoka kliniki bila kuvua viatu hajapimwa kikamilifu, na anayo haki ya kumwomba mhudumu aitazame miguu yake.